Baraza Aliyoitaka Bibi

Usiku ule nililala na udongo kwenye kucha, kwa sababu mchana kutwa nilikuwa nikimchimbia Mjomba shimo, na shimo lenyewe nililifanya fupi makusudi.

Nyumba ya Bibi yangu iko Lushoto, mlimani, na nyuma yake ardhi inashuka vibaya mpaka kwenye tuta la mawe. Bibi ndiye aliyenilea mpaka nikahamia kwangu. Miguu ilipomkataa alitaka kitu kimoja tu: baraza ya mbao pale nyuma, iliyo sawa, ili atolewe nje akae juani. Mjomba, mwanawe aliyeishi naye, akasema mbao zitaoza bure, na mteremko ule haujengeki. Akamlaza chumba cha nyuma, godoro limeelekea ukutani. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa mlangoni, "Amelala." Miaka miwili Bibi alikuwa amelala, hadi akafa kweli.

Sasa ndugu wote walikuwa wanakuja Jumamosi kumsomea hitima ya mwaka, nami nilikuwa nimeijenga baraza ile kwa mikono yangu. Usawa niliupima kwa mpira wa maji, nguzo nikazipaka oili chafu zisiliwe na mchwa, na kila nguzo nikaikalisha juu ya mwamba kama Bibi alivyonifundisha tulipojenga banda la mbuzi. Isipokuwa moja, ya pembe ya chini. Hiyo niliichomeka kwenye udongo laini, shubiri mbili tu, na juu yake nikaweka kiti cha mkubwa wa ukoo. Mkubwa huyo ni Mjomba, naye ni mzito. Nilitaka aanguke avunjike miguu, naye ajue kulala ni nini. Najua, mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa tayari kuingia.

Basi nikapitiwa na usingizi, na huko ndotoni kulikuwa mchana.

Bibi alitokea upande wa shamba, akitembea mwenyewe, kanga kaifunga kiunoni kama siku za kupalilia. Nikamwambia shikamoo. "Marahaba, mke mwenzangu," akaitikia, utani wake wa tangu utotoni mwangu. Akapanda barazani. Anakanyaga ubao mmoja mmoja, anausikiliza kwa unyayo, anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nafurahi hata machozi yananilenga. Kisha namwona anakielekea kile kiti.

"Bibi, si hapo."

"Mbona? Si ndipo penye jua?"

Anakaa. Nguzo inalia. Nanyoosha mkono nimshike, lakini tumo chumba cha nyuma, naye yuko godoroni, kanipa kisogo. Nazunguka nimwone uso. Macho yake yako wazi, makavu, yanautazama ukuta. Mlangoni nasikia sauti ya Mjomba: "Amelala." Bibi anafungua mdomo aite, na sauti inatoka nyembamba, haifiki hata kwenye pazia. Huko nje mgeni anasema, "Haya, msimwamshe. Nitarudi siku nyingine." Sauti ile ya mgeni ni yangu.

Jua linanipiga tena. Tuko chini ya baraza, Bibi kapiga magoti kwenye pembe ile, mtaimbo mkononi.

"Hii imefika mwambani?"

"Imefika," nadanganya.

Anauchomeka mtaimbo kando ya nguzo, unazama bila kugonga kitu. Anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile alipokuwa hai, nami naogopa.

"Ukimwangusha watambeba," anasema. "Watamletea uji kitandani, watampa pole. Mimi sitaki apewe pole."

"Nifanye nini, Bibi?"

"Mkalishe. Mkalishe imara, ndugu wamzunguke, asipate pa kuangukia. Halafu waambie sikuwa nimelala."

Anainuka, anajikung'uta udongo magotini. Nadhani amemaliza. Anageuka.

"Nawe nilikusikia. Nilisikia viatu vyako vikiondoka."

Nikaamka nalia, na sijui hata sasa kama nilimlilia yeye au nilijililia mwenyewe. Hasira haikupungua. Ilikuwa imeongezeka, ila sasa ilikuwa na fungu langu ndani yake. Alfajiri hiyo hiyo nikashuka na koleo na mtaimbo, nikaegemeza boriti, nikaing'oa nguzo, nikachimba. Nilichimba mpaka chuma kikagonga mwamba na mikono ikafa ganzi.

Mjomba akatokea mlango wa nyuma, mswaki mdomoni.

"Hujamaliza tu?"

"Naimarisha pembe yako, Mjomba. Nataka ukae vizuri."

"Ahsante, mwanangu," akasema, na nadhani alimaanisha. "Mungu akubariki."

Nikairudisha nguzo, nikashindilia kokoto, nikapigilia misumari ya inchi nne, mingi kuliko iliyohitajika. Nikarukaruka juu ya pembe ile kwa uzito wangu wote. Haikutikisika.

Jumamosi dua ikiisha, kabla sahani hazijaletwa, nitasimama. Nitaanza na siku ile niliyoambiwa amelala nikageuka nikaenda zangu. Nitaisema yote mbele ya watu, ili nikifika kwa Mjomba asiwe na la kunirudishia. Kisha nitamgeukia pale alipokaa, nimpe salamu za mama yake.