Mama Aliyeonja Divai Kabla Yangu

Wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Haya, waseme! Kibuyu changu cha divai kilikuwa kimejaa, sikuwa nimekigusa, na ilikuwa saa tisa mchana, ukungu umetanda. Niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu haya mawili, enzi za Mwingereza, kwenye shamba la mzungu mmoja chini ya vilima, upande wa Njombe.

Mzungu huyo alilima mizabibu na kutengeneza divai, mapipa machache tu. Mimi nilikuwa kibarua wake wa kupogoa. Alitupa nyumba ya udongo, na mke wangu Tumaini alikuwa na mimba ya miezi minane, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa kila kitu kwetu. Nyapara akaniamuru nichimbe mashimo ya mizabibu mipya penye kichaka cha mianzi. Yawe tayari Jumamosi, la sivyo nihame.

Nilikuwa sijapiga hata jembe la kwanza nikasikia, "Kamwene." Nikageuka. Mama wa makamo, kajitanda kaniki. Nikaitikia kamwene, ndiyo salamu yetu. Manyunyu yalikuwa yameninyeshea mpaka shati limeganda mgongoni, lakini kaniki yake ilikuwa kavu kabisa. Wewe ungefanyaje? Mimi nilitaka tu kumjua ni nani, maana pale shambani tulifahamiana wote.

Nikamimina divai kutoka kibuyuni nimkaribishe. Kwetu Ubena mwenye kinywaji huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Hata ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndivyo unavyonywewa. Basi nikainua kikombe nionje, yule mama akakichukua mkononi mwangu.

"Lete. Hapa naonja mimi."

Akaonja, akanirudishia. Nikakasirika, nisikufiche. "Mama, mwenyeji ni mimi, wewe ndiye mgeni!"

"Umekuja lini hapa?"

"Mwaka wa tatu huu."

Akacheka, kicheko kizuri tu cha mtu wa nyumbani. "Basi kunywa, mgeni wangu. Ukishakunywa, chimba. Ila ukinikuta, unifunike vizuri. Sipendi baridi."

Niliinama kunywa. Nilipoinua uso hakuwapo, na majani yalikuwa na matone yake yote, hayajakanyagwa.

Mwingine angekimbia. Mimi, loo, udadisi wangu! Nilichimba. Niamini, nilipofika kina cha goti nikaona vikuku vya waya, na ndani ya vikuku mfupa wa mkono. Sikuogopa hata kidogo, nilimwonea huruma. Nikamfukia, nikashindilia udongo kwa viganja, nikatandika majani ya mianzi juu.

Nikamwambia nyapara pale pana mwamba. Akaja na mtaimbo, akachoma chini mara tatu. "Mwamba uko wapi, mwongo wewe?" Jioni ile ile tukatolewa nyumbani.

"Tutalala wapi?" Tumaini aliniuliza hilo tu. Tukaenda kwa miguu hadi Makambako, siku mbili, yeye na tumbo lake. Mtoto alizaliwa kwa shemeji yangu, kule kijijini Lyamkena, mzima, Mungu mkubwa.

Lakini kabla hatujaondoka alifika Zakaria, rafiki yangu wa kupogoa naye mstari mmoja. Amepewa nyumba yangu, na amepewa yale mashimo. Alikuwa amebeba kitanda chake kichwani. Akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, pale kwenye mianzi pana nini?"

Nilimtazama anaingiza kitanda mlangoni kwangu. Nikamjibu, "Pana mwamba."

Akachimba. Mifupa aliitupa korongoni pamoja na mizizi, kama nyapara alivyomwagiza. Tangu mwezi ule Zakaria hapati joto. Amehamia Kilosa kwenye jua kali, bado anavaa koti na kukaa motoni mchana kutwa, meno yanagongana. Hospitali hawaoni ugonjwa. Nimekwenda kumwona mara nyingi, na kila nikienda nanuia kumweleza. Hunikaribisha, huniita ndugu, hunisogezea kigoda karibu na moto, nami nazungumzia mvua.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukipewa neno na mtu wa namna ile, mfikishie anayelihitaji siku hiyo hiyo, hata kama amekuudhi, hata kama amelala nyumbani mwako. Mwaka jana Zakaria aliniuliza tena, "Hivi wewe ulipochimba pale, kweli hukuona kitu?"

Nikamwambia sikuona.