Saa Sita ya Wapi?

Katika kituo cha teksi ziendazo Tacna ya Peru, hapa Arica, kaskazini kabisa mwa Chile, kuna kimya ambacho madereva hawajakizoea. Abiria watano wanaingia, milango inafungwa, gari linaondoka. Hakuna anayegombania kiti cha mbele. Hakuna anayezunguka gari akigonga kila dirisha na kuuliza nani amebeba ndizi. Don Eleuterio, ambaye ameendesha njia hiyo miaka ishirini na sita, aliniambia juzi kwamba siku hizi anafika mpakani mapema mno, halafu hajui la kufanya na muda uliobaki.

"Kelele za mama yule zilikuwa zinanichosha," alisema. "Sasa hata uchovu wenyewe umenikimbia. Nimebaki na redio."

Mama yule ni Doña Ercilia Ticona, fundi cherehani wa mtaa wetu, mjane, mfupi, mwenye kofia ya rangi ya kahawia ambayo hakuivua hata kanisani. Wengi tulimwita Doña Vuelta, yaani Mama Mzunguko, kwa sababu hapakuwa na safari duniani ambayo yeye hakuijua njia yake ya kuzungukia, na ya bei nafuu. Mwalimu aliyetaka kwenda Cusco, binti aliyepata kazi Guayaquil, mzee aliyealikwa harusi La Paz, wote walipita kwanza chumbani kwake. Aliwapimia suruali na safari kwa utepe uleule. Shuka hapa, vuka kwa miguu, panda basi la upande wa pili, usinunue chakula kituoni, lala njiani ili usilipie kitanda.

Ndege hakuipenda, na alikuwa na sababu. Lima iko kaskazini yetu. Lakini ukitaka kwenda Lima kwa ndege kutoka Arica, ndege inakupeleka kwanza kusini, mbali kabisa, hadi Santiago. Unakaa huko, unakunywa kahawa ya bei ya kiatu, kisha unapanda nyingine inayorudi kaskazini.

"Inapita tena juu ya paa langu!" alikuwa akisema, mkasi ukiwa mkononi. "Nilipe mishahara ya miezi mitatu ili nipitishwe juu ya nyumba yangu mwenyewe! Halafu mimi ndiye mnaniita Mzunguko."

Kwa hiyo yeye alipanda teksi hadi Tacna, mwendo wa saa moja katika jangwa lisilo na hata jani, akavuka mpaka pamoja na watu wa sokoni, na upande wa Peru akachukua basi. Matunda hayaruhusiwi kuvuka, na jambo hilo alilifanya ibada. Kilomita mbili kabla ya kizuizi alisimamisha gari, akawaamuru abiria wote watoe walichonacho, na mkakila pale pale kando ya barabara, mkitazama mchanga. Nimekula maembe manne asubuhi moja kwa ajili ya mama huyo. "Tumbo halina forodha," alisema, akipangusa kidevu.

Na kulikuwa na jambo la saa. Majira ya joto saa zetu huwa mbele ya saa za Peru kwa saa mbili. Ukitoka Arica saa nne, unafika Tacna saa tatu, umekuwa kijana kidogo. Ni Ercilia aliyetufundisha mtaani kwamba mtu wa mpakani haulizi "saa ngapi?" bali "saa ngapi ya wapi?" Aliuliza hivyo hata padri alipotangaza misa.

Mara moja tu hakuuliza.

Mwanawe Wilber aliondoka Arica akiwa na miaka ishirini, akaoa Lima, akapata binti, Nayra. Ercilia alikuwa hajamshika mtoto huyo hata siku moja. Alimjua kwa simu, na mtoto alimjua bibi yake kama sauti inayotoka kwenye kitu cha mezani. Nayra alipokaribia miaka miwili, ukafika wakati wa kukatwa nywele kwa mara ya kwanza. Kwetu hilo si la kinyozi. Nywele za mtoto haziguswi tangu kuzaliwa. Siku hiyo hufungwa vishungi kwa utepe, na kila mgeni hukata kimoja na kuweka zawadi kwenye sahani. Kishungi cha kwanza ndicho chenye uzito. Anayekikata anakuwa mama wa pili wa mtoto, na undugu huo hauna talaka.

Wilber alipiga simu mwezi wa pili. "Mama, tunataka wewe ukate kile cha kwanza. Jumamosi ya tarehe kumi na sita, saa sita."

Ercilia alianza kulia, kisha akamkemea kwa kutumia simu ya gharama, kisha akakata. Hakuuliza saa sita ya wapi.

Habari hiyo ilimfikia wifi yake kabla ya jioni. Doña Gumercinda, mke wa kaka yake Abdón, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, meno mawili ya dhahabu, na hakuwa na mjukuu. Alikuja chumbani kwa Ercilia na sketi ya kupunguzwa ambayo haikuhitaji kupunguzwa.

"Nasikia na wewe unakwenda Lima, wifi."

"Nakwenda."

"Kwa basi lako?"

"Kwa basi langu."

"Utafika mtoto ameshaota ndevu."

"Ni msichana, wifi."

"Basi utafika ameshaolewa." Gumercinda alijitazama kwenye kioo. "Sisi tumekata tiketi za ndege. Nimenunua na mkasi wa fedha, una utepe mweupe. Si kwamba nataka kitu. Ila mtu akichelewa, nywele hazingoji basi."

"Haya, nenda na ndege yako," Ercilia alisema, pini mdomoni. "Ukipita juu ya paa langu nipungie mkono. Nitakuwa naanika nguo."

Lakini usiku ule, jirani zake tulisikia cherehani ikienda bila kitambaa. Alikuwa na mkasi mmoja tu wa maana, mweusi, mzito, wa mama yake. Ulikuwa umekata nywele zake yeye, na za Wilber, mbele ya mume wake aliyekuwa bado hai. Alimpelekea Don Eleuterio aunoe, kwa sababu Eleuterio alinoa bure.

Ijumaa asubuhi aliondoka. Alikula peasi mbili kando ya barabara, akavuka, akazima simu yake pale pale mpakani kama kawaida, maana simu ya Chile ikilia Peru inakula hela kama mbuzi kwenye bustani. Saa sita za Tacna basi lilianza safari. Mkasi ulikuwa kwenye mkoba, umefungwa ndani ya soksi ya marehemu. Alikaa upande wa bahari. Nadhani mtu anayesafiri hivyo, saa ishirini kando ya maji yaleyale na mchanga uleule, hupata muda wa kuwaza yote aliyoyakwepa akiwa na kazi mkononi. Aliniambia baadaye kwamba aliwaza jambo moja tu: je, mtoto atalia akimwona?

Jumamosi, saa tatu na nusu kwa saa za Lima, alikuwa ameshafika Comas, mitaa miwili kutoka nyumbani kwa mwanawe. Akatazama saa yake, ambayo aliirekebisha Tacna kwa uaminifu. Muda tele. Na Ercilia alijua kinachompata bibi anayefika mapema kwenye sherehe: anapewa kisu na gunia la viazi. Akaingia sokoni, akaketi kwenye benchi, akaagiza mkate wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga na vipande vya kiazi kitamu, akavua viatu.

Kule nyumbani mambo yalikuwa yanachemka. Baba mkwe wa Wilber, Don Saturnino, mtu wa Puno, alishikilia kwamba nywele za mtoto zikatwe jua likiwa bado linapanda. Kwa hiyo sherehe ilikuwa saa nne. Wilber alilijua hilo. Lakini tangu ahamie Lima, kila alipozungumza na mama yake alimgeuzia saa ziwe za Arica, asimsumbue. Saa nne ya Lima ni saa sita ya Arica. Akasema saa sita, na akili yake ikatulia.

Saa nne ilipofika, Nayra alikuwa amekaa kwenye kitambaa cha rangi, vishungi kumi na saba vimesimama kichwani kama mche wa mananasi. Wilber alipiga simu ya mama yake mara sita. Imezimwa. Don Saturnino alitazama jua.

"Mimi sitaki kuingilia," Gumercinda alisema, akiingilia. "Lakini niko hapa. Nimekuja jana, nimelala, nimeoga. Mtoto asikose bahati yake kwa sababu ya tiketi rahisi."

Wilber aliangalia mlango, kisha mkewe, kisha viatu vyake. "Haya, shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Mchana ukikaribia na mama hajafika, kata wewe."

"Kata sasa hivi," alisema Don Saturnino. "Leta mkasi."

Hapo Gumercinda akaukumbatia mkoba wake. Meno ya dhahabu yakajificha. Abdón, mumewe, alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Mkasi uko wapi, mama?" aliuliza Don Saturnino tena.

"Santiago," alisema Abdón.

Ikabidi maneno yatoke. Gumercinda alikuwa amenunua tiketi ya chini kabisa, isiyoruhusu sanduku. Mkasi wa fedha ulikuwa kwenye mkoba wa mkononi, na kwenye ukaguzi waliuchukua, pamoja na utepe wake mweupe.

"Kumbe na wewe ulikuwa unabana hela, shangazi!" alisema mtu kutoka jikoni.

"Kulikuwa na tiketi za sanduku, zilikwisha!" alifoka. "Abdón, usisimame kama nguzo. Nenda sokoni, leta mkasi. Mzuri! Siwezi kukata kishungi cha kwanza kwa mkasi wa kukatia kuku."

Abdón alitembea hadi sokoni. Akaipita safu ya samaki, akaipita ya sufuria, na kwenye benchi akamkuta dada yake, viatu chini, mkate mkononi, amefumba macho kwa utamu.

"Ercilia!"

"Kaka! Kaa ule. Nilijua hawatakuacha upumzike."

"Unafanya nini hapa? Watu wanakungoja!"

"Waningoje nini, ni saa nne na robo. Sherehe saa sita."

"Saa sita ya wapi, dada?"

Mkate ulibaki njiani kati ya sahani na mdomo. Alimtazama kaka yake, akatazama saa, na nadhani katika maisha yake hakuna hesabu aliyoifanya kwa kasi ile. Alisimama bila kumeza.

"Mwenda pole hajikwai," Abdón alisema, akimwokotea viatu, "lakini hufika sahani zimeshaoshwa. Kimbia!"

Walikimbia, yeye na soksi zake, Abdón na viatu vya dada yake mkononi. Nyuma ya benchi lile palikuwa na kibanda cha mikasi, imetundikwa kwa safu, mikubwa na midogo. Abdón aliiona. Ameniapia kwamba aliiona.

Mlangoni Gumercinda alinyoosha mkono. "Umepata?"

"Nimezunguka soko zima," alisema mumewe, akihema. "Mkasi niliouona ni huu mmoja tu." Akasogea pembeni, na nyuma yake akatokea Ercilia, kofia imepinda, akichomoa kitu kirefu cheusi kutoka kwenye soksi ya mwanamume.

Wilber alitaka kusema. "Mama, nilikuambia saa sita..."

"Ya wapi?"

"Ya kwako, mama. Mimi kila siku nakupa saa ya kwako."

"Mwanangu," alisema, bado anahema, "Jumamosi hii mimi ningekuwa wapi? Si hapa?"

Kisha akapiga magoti mbele ya mtoto. Nayra alimtazama mwanamke yule mwenye mafuta ya nyama kidevuni. Mdomo ukaanza kujikunja. Ercilia hakumgusa. Alisema tu, kwa sauti ileile ya simu, "Haloo, haloo, kuna mtu huko?" Mtoto akaacha kujikunja. Akageuka kuitazama simu iliyokuwa mezani, akamtazama tena bibi, akaitazama simu. Kisha akaweka kiganja sikioni.

Mkasi ulikata kishungi cha kwanza kwa mlio mmoja.

Gumercinda alikata cha pili, kwa mkasi uleule. "Mzito huu, wifi," alinong'ona.

"Mkasi huu umekuja kwa basi," alisema Ercilia. "Umechoka."

Aliyekata kishungi cha kwanza hawezi kubaki sauti ya mezani. Mwaka ule Ercilia alikwenda Lima mara nne, na mara ya nne mkwewe Yovana, mke wa Wilber, alikuwa amerudi kazini na mtoto hakuwa na wa kumwangalia. Cherehani ilivuka mpaka kwenye teksi ya Don Eleuterio, kwenye kiti cha tano, baada ya mabishano ya nusu saa kuhusu kama chuma kinalipa nauli ya mtu mzima. Kililipa nusu. Kabla ya kizuizi gari lilisimama, zikaliwa zabibu.

Sasa Doña Ercilia Ticona anaishi Comas, kaskazini mwa Lima, chumba cha nyuma, ghorofa ya pili. Saa yake ya ukutani inafuata saa za Arica.