Mchongaji na Jina la Swala

Fundi anayenichongea vinyago vya kuuza hamalizi kumchonga swala kabla ya kumtekenya mkia kwa kidole chake chenye sugu. "Mkia wake hautulii huyu," husema, kisha huchoma mstari mweusi ubavuni kwa waya wa moto. Jana mteja alitaka swala kumi, mradi kila mmoja aandikwe chini: swala tomi.

"Tomi ndiye nani?" fundi akauliza.

"Msafiri wa kigeni aliyepita huku zamani," mteja akajibu.

"Kupita tu? Mimi napita sokoni kila siku, mbona hakuna mbuzi anayeitwa kwa jina langu?"

Nikamkonyeza. "Andika, fundi, tusikose oda!"

"Oda yako, bwana. Mnyama alikuwa na jina kabla huyo Tomi hajavaa viatu."

Akachoma SWALA, akapuliza majivu. Mteja akangoja neno la pili. Fundi akautumbukiza waya kwenye kopo la maji, ukalia shwaa.