Tangi Lililochelewa Kuamka

Mama mwenye nyumba wangu wa mtaa wa Bulla Pesa alinijua kwa mambo mawili: kwamba nilitengeneza kompyuta mjini, na kwamba mwezi wangu wa kwanza kwenye ploti yake nilibana kufuli la mlango huku ufunguo ukiwa ndani, juu ya meza. Siku hiyo alinitazama kwa huruma, akanizungusha nyuma, akanionyesha dirisha lisilofunga vizuri, nikajipenyeza humo kama paka mnene. Wapangaji wote walitoka kutazama. Tangu hapo hakuna aliyeniheshimu sana, na kwa kweli tuliishi vizuri zaidi.

Yeye alikuwa mwenyekiti wa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Maziwa yalifika asubuhi kutoka malishoni, juu ya pikapu na pikipiki, kwenye mitungi iliyofukizwa moshi, kila mtungi na uzi wake wa rangi shingoni ili wenyewe wasigombane. Jioni yaliondoka na basi la Nairobi. Serikali ya kaunti ilipokuja, miradi nayo ikaja, na mradi mmoja ukawaletea tangi la kupoza maziwa, linalong'aa hadi unaweza kujipaka wanja ukijitazama ubavuni mwake. Wengi hawakulitaka. Kuchanganya maziwa yako na ya mwenzako si jambo dogo. Yeye ndiye aliyewashawishi, mmoja baada ya mwingine, kwa jina lake mwenyewe.

Basi tangi likamwaibisha. Msimu ule stima ilikuwa ikikatika na kurudi itakavyo. Kila iliporudi, kompyuta ndogo iliyoendesha tangi ilipaswa kuamka kwanza, ndipo iwashe mtambo wa baridi. Ilichelewa mno kuamka. Mama Mwenyekiti aliweka kiganja juu ya tangi, akasema bismillahi, akasoma dua yake ndefu, akaimaliza, akaianza tena, na tangi kimya. Kabla halijaamka, stima ilikuwa imeshakwenda. Maziwa yakachacha, na yakachacha tena. Akina mama wakakaa kikao wakaamua: Alhamisi ni mara ya mwisho. Tangi likilala tena, kila mtu abebe mtungi wake arudi kuuza kivyake, na mwenyekiti atafutwe mwingine.

Alhamisi asubuhi alikuwa amesimama mlangoni kwangu.

"Wewe si ni fundi ya kompyuta? Kuja uangalie hii kitu. Mimi sitaki kuchekwa na hawa wamama, wallahi."

Nilifungua kile kisanduku kilichobandikwa ubavuni mwa tangi, nikakiunganisha na laptopu kwa waya. Ugonjwa niliuona haraka. Kumbukumbu ya kompyuta ile ni flashi, chipu moja kubwa, na mfumo wa mafaili uliowekwa humo ulikuwa wa zamani: kila ukiwashwa hupekua chipu nzima, kipande kwa kipande, ukiuliza kila kimoja kimebeba nini, ndipo ukubali kuendelea. Kwa chipu ndogo, sawa. Kwa ile, ilikuwa kama mtu anayehesabu vyombo vyote vya nyumba kabla ya kunywa chai. Dawa yake ni UBIFS, mfumo mpya zaidi, ambao huweka orodha ya vitu vyake humo humo ndani ya flashi. Ukiamka huisoma orodha na kuanza kazi. Lakini kerneli, yaani moyo wa programu zote za kompyuta ile, haikuwa na habari nao. Ilibidi niijenge upya.

"Hiyo itaharibu maziwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi jenga."

Kwenye menyu ya kerneli unachagua. Ukiweka nyota, kitu kinaungwa ndani ya kerneli yenyewe. Ukiweka M, kinakuwa moduli, faili la pembeni linaloitwa likihitajika. Mimi napenda moduli, naziona nadhifu. Nikaweka M, nikahamishia mafaili yote kwenye mfumo mpya, nikawasha kwa mbwembwe, akina mama wamenizunguka. Waliomwamini mwenyekiti walikuwa wameshamimina maziwa yao. Wengine walishika mitungi wakingoja.

Kerneli ikapaniki. Ndilo neno lake lenyewe, huliandika kwenye skrini: haioni mafaili, haijui pa kuanzia. Nikaiwasha tena, ikapaniki tena. Mimi nikikasirika huongea na mashine kwa Kimeru, na siku hiyo tuliongea sana. Mama mmoja mwenye uzi wa kijani, aliyelipinga tangi tangu siku ya kwanza, akaanza kukusanya mitungi yake bila kusema kitu. Afadhali angenitukana.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaangua kicheko hadi wote wakageuka. Moduli ya kufungulia flashi nilikuwa nimeiweka ndani ya flashi.

"Unacheka nini?" Mama Mwenyekiti hakuwa na uso wa mchezo.

"Mama, nimefungia ufunguo ndani ya nyumba."

Alinitazama. "Tena?"

"Tena."

Akawageukia wenzake, akawaeleza kwa Kiborana, kwa mikono na nyonga, jinsi nilivyopita dirishani siku ile. Walicheka hadi yule wa uzi wa kijani akaweka mtungi chini ajishike mbavu. Kisha Mama Mwenyekiti akanirudia.

"Na hii, dirisha iko?"

"Iko."

Dirisha lilikuwa ule waya. Kerneli ingeweza kupita humo kutoka kwenye laptopu yangu bila kutegemea mafaili yaliyofungiwa. Nikarudi kwenye menyu, nikazifuta zile M, nikaweka nyota kwa flashi na kwa UBIFS, nikaijenga upya. Laptopu ilipata moto, mama mmoja akaniuliza kama naweza kumchemshia chai juu yake. Nilicheka nao, lakini niliogopa. Maziwa nayo yalikuwa yanapata joto, na basi halimngoji mtu.

Ilipokwisha, nikaipitisha kwenye waya ikakaa ndani ya kisanduku, na nilipowasha safari hii, mtambo wa baridi ukanguruma. Hatujamaliza kupiga vigelegele, stima ikakatika.

Yule wa uzi wa kijani akainua tena mtungi wake. Mama Mwenyekiti akasogea kwenye tangi, akaweka kiganja pale pale alipokiweka siku zote, akafumba macho. Taa ya duka la ng'ambo ya barabara ikawaka, stima imerudi. Akavuta pumzi.

"Bismilla..."

Tangi likanguruma chini ya mkono wake. Aliruka nyuma, kisha akalizaba kofi.

"Wewe! Ngoja nimalize!"

Mama wa uzi wa kijani hakucheka na wenzake. Alifungua mtungi wake, akanusa kifuniko, akasogea, akamimina maziwa yake yote ndani. Mama Mwenyekiti alimshikia mfuniko wa tangi hadi tone la mwisho.