Siku Tuliyomuuliza Ng'ombe

Kwa nini bibi hakuwahi kuonja maziwa ya ng'ombe tuliyempata mnadani Ndalambo? Kila asubuhi alimkamua mwenyewe, akamnywesha mdogo wangu Yohana kijiko kwa kijiko, kisha akanawa mikono na kunywa uji wake mtupu. Nilipomuuliza alisema tumbo lake halitaki maziwa. Lakini ya jirani tumbo hilohilo liliyapokea vizuri tu. Nilikuwa na miaka minane.

Mama alikuwa amefariki akimzaa Yohana. Miezi mitatu mtoto aliishi kwa uji mwembamba wa ulezi na kikombe cha maziwa ambacho jirani alitupatia hadi ng'ombe wake alipokauka maziwa. Tegemeo letu lilikuwa Nyota, mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, aliyekaribia kuzaa. Akapotea malishoni. Baba alimtafuta wiki mbili, akashuka hadi karibu na Ivuna, akarudi na chumvi tu. Kufikia siku ya mnada, kilio cha Yohana kilikuwa kimekuwa kidogo kama cha paka.

Mnada ule ulianza kunuka kabla hujauona: samadi iliyokanyagwa, moshi wa nyama, jasho la watu waliotembea tangu jana yake. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka walikuja pia, wengi wao ndugu zetu kwa damu, kwa maana mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani bila kutuuliza. Mmoja wao, mzee Simfukwe, alikuwa na mtamba mwekundu mwenye mimba kubwa na doa jeupe usoni. Alitaka kumbadilisha na dume la kulimia. Baba alimwona, akaishika kamba.

Alama ya ukoo wetu ilikuwa mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Sikio la kushoto la mtamba yule lilikuwa limeraruka, limebaki kipande.

"Fisi huyo," alisema Simfukwe. "Alimrukia akiwa ndama."

"Fisi wako ana akili," baba akajibu. "Anakula palepale penye alama."

Watu walicheka, ila fimbo zilikuwa zimeshainuliwa. Tarishi wa chifu akaingia katikati, akasema ng'ombe aulizwe. Ndiyo iliyokuwa desturi ya mnada wetu: wanaogombana husimama kila mmoja upande wake na chumvi mkononi, mnyama hufunguliwa kamba, na anakokwenda ndiko kwao.

"Asimame mtoto," bibi alisema, akanisukuma mbele. "Ndiye aliyekuwa akimlambisha chumvi."

"Hata mtoto wako mchanga mlete, mama," Simfukwe alisema. "Ng'ombe wangu ananijua."

Chumvi ilitoka kwenye kibuyu kimoja, cha bibi. Alinimiminia, akanishika mabega, akanizungusha kidogo. "Simama hapa, mjukuu wangu. Usisogee." Niliita, "Nyota!" Upande wa pili Simfukwe aliita jina lingine, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mke wake. Mtamba aliinua kichwa. Alimtazama yeye kwanza, akapiga hatua mbili kumwelekea. Nilisikia baba akiacha kupumua. Kisha vumbi likapita kutoka nyuma yangu, ng'ombe akanusa, akageuka. Ulimi wake mkavu ulinikwaruza kiganja. Simfukwe alikunja kamba yake tupu taratibu, akaondoka bila kubishana. Ng'ombe alikuwa ameshajibu.

Alizaa siku ya tano. Yohana akaishi.

Nilipofika chuo kikuu niliicheka desturi ile. Niliwaambia wenzangu kwamba ng'ombe hajibu swali, hufuata harufu, na harufu huletwa na upepo; aliyesimama upande unakotoka upepo ndiye mwenye haki. Nilijiona nimefumbua kila kitu. Sikujiuliza ni nani aliyenichagulia pa kusimama. Siku hizi ng'ombe hupigwa chapa ya moto na kuandikiwa kibali, na mnadani anaulizwa karani. Sijui kama karani hukosea mara chache zaidi.

Mwaka jana tulimzika bibi. Yohana, ambaye sasa huinama ili apite mlangoni, alikuwa nje akipokea wageni. Shangazi na mimi tulipanga vyombo vya marehemu. Nikakitikisa kile kibuyu cha chumvi, kikagonga kitu ndani. Nilikipindua. Pamoja na chembe za chumvi ya Ivuna likaanguka sikio la ng'ombe, limekauka, lina mikato miwili.

Shangazi aliliokota, akalirudisha kibuyuni. "Alilikuta bondeni pamoja na mifupa," alisema, "siku mbili kabla ya mnada."