Mzio Uliohama Kitanda

Jamani, kuna asubuhi nilishuhudia mzio wa mtu ukihamia kitanda cha jirani.

Si uchawi. Tulieni niwasimulie.

Shangazi aliyenilea alikuwa hospitali kubwa, anasubiri kupasuliwa nyonga. Walishamwahirishia mara mbili. Mimi nakaa, nasimama, nachungulia mlangoni, narudi kukaa.

"Wewe mtoto, unanitia kizunguzungu," akaniambia. "Hebu tulia."

Nitatulia vipi?

Kwenye kitanda cha jirani alilala mama mmoja fundi cherehani, mdomo haupoi. Alikuwa anamwakia nesi.

"Mzio wa penisilini? Nani, mimi? Juzi tu nimemaliza kuimeza wiki nzima! Futa hayo mambo!"

"Mama, kompyuta ndivyo inavyosema."

"Basi kaitibu hiyo kompyuta!"

Wodi ikaangua kicheko. Mimi nikakereka. Mama huyu anatuchelewesha bure, nikawaza.

Sasa ngoja niwaambie kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa jasho lilinitoka kwa nini.

Natunza data kwenye zahanati ya mtaani kwetu. Programu yetu na ya hospitali ile kubwa haziivi kabisa, kila moja inatunza mambo kivyake. Ili zielewane, tunatumiana faili la maandishi ya kawaida, ila kila taarifa inawekwa kati ya lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga. Hivi:

<mgonjwa>
<jina>Fulani</jina>
<mzio>penisilini</mzio>
</mgonjwa>

Mnaona? Lebo ya kufunga ina mkwaju, kile kistari cha mshazari. Kila kilichomo kati ya "mgonjwa" wa juu na "mgonjwa" wa chini ni cha mtu mmoja. Lebo ikikosekana, au majina mawili yakiangukia kwa mgonjwa mmoja, kompyuta inagoma kusoma faili zima. Haibahatishi, na hapo ndipo ninapoipendea.

Wanaobahatisha ni watu.

Jana yake jamaa wa mifumo wa hospitali, tunamwita Chapchap, alinipigia. Faili langu limefika na mistari imepotea katikati, kompyuta imegoma. Nikamwambia nalituma upya.

"Usihangaike kaka, nishalirekebisha. Limepita safi."

Limepita safi. Maneno hayo yalinirudia nikiwa nimesimama katikati ya wodi, fundi cherehani bado anafoka. Naye alikuwa mgonjwa wa zahanati yetu, na kwenye faili anamfuata shangazi. Na mwenye mzio wa penisilini ni shangazi. Niliuingiza mwenyewe, kwa mkono wangu.

Nikampigia Chapchap.

"Mistari gani ilipotea?"

"Aah, lebo mbili tu. Ya kumfunga mgonjwa mmoja na ya kumfungua anayefuata. Nikazirudisha."

"Ulizirudisha juu ya mzio au chini yake?"

"Kwani kuna tofauti, kaka? Kompyuta si imekubali?"

Tofauti ni mstari mmoja! Lebo zikikaa chini ya mzio, mzio ni wa shangazi. Zikikaa juu, unamwangukia anayefuata. Kompyuta itakubali vyote viwili, maana inachokagua ni kama lebo zimefungwa na kila mgonjwa ana jina moja. Haijui koo la nani litavimba.

Nikageuka. Nesi mwingine alishamshika shangazi mkono, sindano tayari.

"Dada, subiri! Hiyo ni dawa gani?"

"Penisilini, ya kabla ya upasuaji."

"Ana mzio nayo!"

"Kompyuta haioneshi. Na nimemuuliza mwenyewe, kasema hana."

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama ukuta.

"Shangazi?"

"Mara ile nilisema ukweli, wakaniahirishia eti wanatafuta dawa nyingine," akasema taratibu. "Nimechoka kujikokota, mwanangu. Nesi aliposema kompyuta haioni kitu, nikaitikia tu."

Nikakaa sakafuni, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia.

Nesi akarudisha sindano kwenye trei, akafungua kabati. Dawa nyingine ilikuwemo. Ilikuwemo muda wote! Shangazi akapasuliwa siku hiyohiyo.

Kompyuta ilikubali, na shangazi naye akakubali. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, yule niliyemwona msumbufu. Angekuwa mpole, akapokea mzio usio wake kimyakimya, leo ningekuwa nasimulia mazishi.

Kwa hiyo ndugu zangu, faili kupita si faili kuwa kweli. Likigoma, mrudie aliyelituma, usijaze kwa kukisia. Na mtu akipiga kelele kwamba alichoandikiwa si chake, msikilize kwanza, utakereka baadaye.

Shangazi sasa anatembea mwenyewe. Safari yake ya kwanza ilikuwa kwa fundi cherehani, kushonewa gauni. Nilimsindikiza. Wale wawili walipoanza kuongea, mimi hata kiti sikukaribishwa.