Ukuta Ulionyimwa Pumzi

Mafundi walimwita Pua, na hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kupamba nyumba za watu kwa ndani: rangi, sakafu, dari, makabati, mapazia. Wenzake katika kazi hiyo huchagua kwa macho. Yeye alichagua kwa kunusa. Akiletewa sampuli ya zulia au ya ubao, alikata kipande, akakitia kwenye chupa ya jamu iliyooshwa, akafunga kifuniko na kuianika dirishani juani. Jioni aliifungua, akaingiza pua, na uso wake ukatoa hukumu kabla ya mdomo. Wateja waliziona chupa zile zimejipanga dirishani na vipande vya dari ndani yake, wakadhani wamekosea mlango na kuingia kwa mganga aliyefanikiwa kupanga ghorofani.

Vitu vilivyomchefua vilikuwa vingi, na vyote vilikuwa vikiuzwa. Kabati jipya la ubao wa vumbi la mbao na gundi lilimtoa machozi. Zulia la plastiki lililochomwa na jua lilimpandisha nyongo. Lakini kilichomchefua kuliko vyote ni namna watu walivyokipenda kinachowaumiza. Walikiita harufu ya upya. Binadamu anayemwaga maziwa baada ya kuyanusa mara moja tu, ukimwingiza kwenye chumba kinachonuka kama kiwanda cha viatu, huvuta pumzi ndefu, hukohoa kidogo, kisha husema hapa pamependeza.

Isidhaniwe alikuwa malaika. Kila Jumapili alipaka kucha zake rangi nyekundu iliyonuka hadi kwa jirani, na hakuna aliyethubutu kuitia chupani. Nyani haoni kundule, na msemo huo haujawahi kusema kama nyani naye ana pua.

Mama yake alikuwa dobi mstaafu. Ujana wake wote aliumaliza kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, katikati ya mvuke na dawa ya kung'arishia mashuka. Alitoka na vitu viwili: kifua kinachopiga filimbi, na imani kwamba tabia ya mtu husomeka kwenye kola ya shati lake. Wachumba wote wa Pua walifelishwa kwa kola.

Kifua hicho ndicho kilichomleta Pua kwenye nyumba ya mama yake akiwa na fundi. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya matofali mazito ya udongo, na marehemu baba aliwahi kuisiliba kwa saruji na rangi ya mafuta ili ing'ae. Iling'aa kwa muda. Baadaye unyevu uliokosa pa kutokea ulianza kuivua ngozi vipande vipande. Pua alikibomolea chumba cha kulala lipu yote, akakisiliba upya kwa chokaa, akafungua matundu ya hewa juu ya madirisha. Fundi, aliyependa kueleza kazi yake, alimwambia Mama kwamba chokaa hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua linapowaka.

"Yaani huu ukuta unapumua, Mama."

"Upumue," Mama akajibu, "mradi usikorome."

Na kweli kifua kilitulia. Mama akaanza kulala amejinyoosha badala ya kuketi kitandani kama mtu anayesubiri wito. Dawa yake ya kuvuta ikasahaulika juu ya kabati hadi ikaota vumbi. Pua akaona ametimiza kazi moja safi maishani.

Ila hakuwahesabu majirani. Ukuta wa chokaa haung'ai. Una mawimbi kidogo, una weupe wa utulivu, na mtu asiyeujua humwona mwenye nyumba kama aliyeishiwa njiani. Wakaja kumpongeza Mama, wakatazama kuta, wakatazamana.

"Hapa patapendeza mkimaliza," akasema mmoja.

"Watoto wako wanajitahidi," akaongeza mwingine, kwa sauti ya msibani.

Mama aliwapa chai na hakuwasamehe.

Hapo ndipo alipoingia Mkurugenzi. Huyu alikuwa kaka yake Pua, na cheo alijipa mwenyewe siku alipofungua duka la mapambo ya ndani. Duka lilikuwa na mfanyakazi mmoja, mke wake, ambaye hakuwahi kumwita hivyo. Aliuza bamba za plastiki za kubandika ukutani: zilizochorwa marumaru, zilizochorwa mbao, zilizochorwa matofali. Ukiwa na ukuta wa matofali, aliweza kukuuzia picha ya matofali uufunike nayo. Falsafa yake ilikuwa ya zamani kuliko plastiki: funika kombe mwanaharamu apite.

Pua aliwahi kumwekea kipande cha bamba hizo kwenye chupa juani, akamfungulia anuse. Mkurugenzi alifumba macho.

"Hii ni harufu ya dukani kwangu," alisema. "Harufu ya riziki."

Masika yalipoanza, Pua alisafiri kwenda kupamba nyumba ya wageni katika mji mwingine, kazi iliyomweka huko hadi mvua zilipopungua. Alikuwa juu ya ngazi akipima dirisha pale simu ilipoleta picha. Ilikuwa ya chumba cha Mama. Kuta zote nne zilikuwa marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, ukanda wa dhahabu umezunguka katikati kama mkanda wa mwanamieleka. Kabati jipya la nguo lilikuwa limesukumwa hadi ukutani. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa. Mama alisimama mbele ya yote hayo akiwa amevaa vizuri, akitabasamu kama bibi harusi.

Pua aliitazama picha ile jinsi mtu anavyotazama unywele kwenye chakula. Akapiga simu.

"Kaka, umebandika plastiki juu ya chokaa?"

"Nimekumalizia kazi, mdogo wangu. Uliacha ukuta uchi."

"Ukuta ule unapumua."

"Sasa unapumua kwa adabu."

"Na matundu?"

"Mbu walikuwa wanayatumia."

"Kaka, tofali lile ni la udongo, na mvua inanyesha. Maji yatatokea wapi?"

"Maji yako nje. Ndiyo maana tumejenga nyumba."

Akataka kuendelea, lakini simu ilishachukuliwa. "Sikiliza wewe mtoto," ilisema sauti ya Mama. "Marumaru yangu usiiguse. Walikuja wale wote waliosema nikimaliza patapendeza. Nimewaambia nimemaliza."

Simu ikakatwa, na Pua akarudi kupima dirisha.

Aliporudi hakuhitaji kuambiwa kitu. Harufu ilimpokea mlangoni, nayo ilikuwa imekuja na ndugu zake. Kwanza lilikuwapo waridi la kopo, maana Mkurugenzi alifunga kidude ukutani kilichotema manukato kila baada ya muda, kikitoa mlio kama mtu anayesonya. Chini ya waridi ilikuwapo gundi. Na chini ya gundi, ikijikunyata, ilikuwapo ile yenyewe: harufu ya tambara la jikoni lililosahauliwa chini ya sinki. Ilimwingia Pua kooni ikakaa. Alitoka nje, akatema mate uani kama mtu aliyeuma embe bovu, akarudi.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, filimbi ya kifuani imerudi kazini. Dawa ya kuvuta ilikuwa mkononi, haina vumbi tena.

"Mama, husikii harufu?"

"Ya waridi?"

Hakuwa anatania. Pua ya mtu ni kama mlinzi wa getini: ikizoea mgeni, inaacha kumtaja.

Mkurugenzi, aliyekubali kwamba huenda kulikuwa na kitu, alisema ni panya amefia darini. Panya huyo alitafutwa kwa bidii ambayo hata watu waliopotea hawajawahi kutafutwa nayo. Dari ilifunguliwa, kitanda kikasogezwa, mkaa wa kunyonya harufu ukamwagwa pembeni. Panya hakupatikana, na kutopatikana kwake kukachukuliwa kuwa ushahidi wa ujanja wake. Kidude cha pili kikafungwa ukutani.

"La kuvunda halina ubani, kaka."

"Hii si ubani. Ni waridi."

Pua aliupapasa ukanda wa dhahabu, akaona tone la maji linachungulia kwenye maungio. Aliinama kulinusa, na Mama akamwangalia kwa macho ya kuchoka.

"Mbona unanusa nyumba yangu kama mbwa wa forodhani?"

"Mama, naomba nibandue bamba moja tu. Kifua chako kinarudi nyuma."

"Kifua changu kilianza kuimba wewe hujazaliwa. Hakuna cha kubandua."

Angeweza kuleta fundi na nyundo Mama akiwa sokoni. Alilifikiria wazo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kusimuliwa. Lakini nyumba ilikuwa ya Mama, na mtu anayemvunjia mama yake ukuta kwa siri humpa hewa ya kuvuta na kumnyima ya kuongelea. Kwa hiyo alikaa, akamsikiliza akipumua kwa shida chumba cha pili, akachukia kila kitu kinachong'aa duniani.

Mwaliko wa harusi ndio uliokata shauri. Binti wa dobi mwenzake Mama wa hotelini alikuwa anaolewa, na madobi wote wa zamani waliwekewa meza moja. Mama alitoa kabatini gauni lake jeupe, lile linalotoka kwa harusi tu, akalipiga pasi mwenyewe kwa sababu hakumwamini mwingine. Pua alimsindikiza.

Meza ile ilikuwa ya wanawake waliostaafu kila kitu isipokuwa pua. Walikuwa wamenusa mashuka maisha yao yote. Mkubwa wao, aliyekuwa msimamizi, alinyanyuka kumkumbatia Mama. Akamkumbatia. Akatulia begani kwake kitambo, kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akajitoa taratibu, akasema feni inampiga shingoni, akahamia upande mwingine wa meza. Feni ilikuwa haiwaki.

Mwingine, ambaye hakujaliwa busara ya kuzungumzia feni, aliinama na kunong'ona:

"Mwenzangu, hili gauni lilikauka kweli?"

Kwa dobi, swali hilo ni sawa na kumuuliza hakimu kama ameacha kuiba. Mama aliinua mkono wa gauni hadi puani, pale ukumbini, mbali na waridi na gundi, mahali penye hewa ya watu wengine. Pua, aliyekaa pembeni yake, aliuona uso ule ukifanya kitu ambacho alikuwa amekiona kwenye kioo chake tu. Mdomo ulikunjamana, pua ikapanda, macho yakafumba. Mama alikuwa amefunguliwa kifuniko cha chupa, na ndani ya chupa alikuwemo yeye mwenyewe.

Walikula. Walipiga makofi inapobidi. Njiani kurudi Mama alimwagiza Pua ampigie kaka yake simu awakute nyumbani.

Mkurugenzi alifika amevaa tai. Mama alikuwa chumbani bado na gauni lake, ameshika kisu cha jikoni, na kwa sekunde kadhaa mwanawe hakujua anakabidhiwa au anatishiwa.

"Ulibandika wewe," akasema. "Bandua wewe."

"Mama, gundi hii ni ya uhakika, haibanduki kirahi—"

Ilibanduka kirahisi. Ilitoka kama gamba la kidonda kibichi, kwa sauti ya kulamba, na kilichokuwa nyuma yake kikatazamana nao. Chokaa ilikuwa imegeuka uji wa kijivu. Juu ya uji kuvu jeusi lilikuwa limeota manyoya, na pembeni mwake jingine la kijani, na kati yao njia za ute uliong'aa kuliko marumaru yote ya dukani. Konokono asiye na nyumba, mnene, alijivuta polepole kukwepa mwanga, kama mpangaji aliyeamshwa. Mgongo wa bamba ulikuwa unatoka jasho. Nyuma ya kabati la nguo hali ilikuwa hiyo hiyo, ila nene zaidi.

Mkurugenzi alijiziba pua kwa tai.

"Kumbe kitu chenyewe kilijificha huku."

"Hakikujificha," alisema Pua. "Kilifichwa."

Mama hakuwasikiliza. Alikuwa anapima kwa macho nafasi kati ya kuvu na mto wake, na nafasi haikuwa kubwa. "Nimelala nimegusana na hiki," alisema. "Mimi. Niliyerudisha mashuka ya wafalme kwa sababu ya doa la chai." Kisha akatoka kwenda kuchemsha maji, maana kila nguo ya kabatini ilibidi ifuliwe upya.

Chumba kilikwanguliwa, kikasilibwa chokaa tena, kikaachwa matundu wazi kikikauka kwa muda wake, bila kuharakishwa na mtu. Mama alilala sebuleni msimu mzima. Kifua kilirudi mahali pake polepole, kikinung'unika njiani. Bamba zilichukuliwa na Mkurugenzi, akaziosha kwa sabuni na kuzibandika sebuleni kwake.

"Si nyinyi mnaosema vitu visitupwe hovyo?" alimwambia Pua. "Mimi nalinda mazingira."

Tangu siku hiyo, Pua akimtembelea kaka yake, huomba kiti nje, na wifi humletea kimya kimya, na chake pia.

Majirani hawakukosa kurudi. Yule wa sauti ya msibani alizitazama kuta mpya nyeupe zisizong'aa, akamshika Mama bega.

"Pole. Kwa hiyo bado hamjamaliza?"

Mama alimshika mkono, akamsogeza hadi ukutani, karibu kama mtu anayebusu picha.

"Nusa."

Jirani akanusa, kwa adabu, kisha kwa hofu.

"Sisikii kitu."

"Basi ndiyo kumalizika kwenyewe."

Halafu, akiwa bado na pua juu, akageuka taratibu kuelekea sebuleni, ambako binti yake alikuwa ameketi amenyoosha vidole.

"Na wewe," alisema. "Hiyo takataka ya kucha, kaipakie nje."

Pua alifunga kichupa chake, akatoka.